Mashine haziharibiki kwa fani: umeme, mitambo na elektroniki vifundishwe kwenye mashine moja (Mbeya, Iringa, Njombe karibuni)

Fundi wa Usangu (mleta mada)

Wakuu, habari za majukumu.

Mimi ni fundi wa viwandani. Kazi zangu nyingi ziko Igurusi, Chimala na Ubaruku kwenye vinu vya mpunga, na msimu ukipoa huwa naitwa Rungwe na Mufindi kwenye viwanda vya chai. Nina jambo linaniumiza na naona nilimwage hapa, maana humu wamo walimu wa vyuo, mafundi na wazazi.

Vijana wanaotoka vyuoni wanaijua fani yao, na wengine wanaijua vizuri sana. Shida ni kwamba mashine wanazozikuta huku haziharibiki kwa fani. Zinaharibikia pale fani mbili zinapokutana, na hapo hakuna aliyewahi kuwapeleka walipokuwa chuoni. Umeme walisomea karakana yao, mitambo yao, elektroniki wako jengo la nyuma. Wanakutana bwalo la chakula tu.

Chukueni mashine ya kuchambua mchele kwa rangi, ile ambayo mafundi wengi tunaiita kala sota. Mchele unashuka kutoka hopa, unateleza kwenye mifereji, unapita mbele ya taa na kamera. Kamera ikiona punje nyeusi au ya njano, kompyuta ya mashine inakokotoa punje hiyo itafika saa ngapi mbele ya pua za hewa, kisha inafungua valvu ya solenoidi kwa muda mfupi sana. Hewa inaipiga punje mbaya inaangukia pembeni, nzuri zinaendelea chini. Hapo kuna taa na lenzi, kuna elektroniki, kuna programu, kuna hewa ya kompresa, kuna kilishio kinachotetemeshwa kwa sumaku ya umeme, halafu kuna mitambo ya kawaida ya elevata na mikanda. Yote hayo kwenye boksi moja.

Sasa mashine inaanza kutupa mchele mzuri pamoja na mbaya. Mwenye kinu anaita fundi umeme. Anapima volti, fezi zote ziko sawa, anasema umeme hauna tatizo. Anaitwa wa mitambo. Anakagua beringi, mikanda, elevata, anasema mitambo iko salama, hii ni kompyuta. Anatafutwa mtu wa kompyuta kutoka mjini. Anaingia kwenye seting, anapunguza ukali wa kuchagua, mashine inaacha kutupa mchele mzuri lakini sasa na mbaya unapita. Wiki imeisha, malori yamepanga foleni, wakulima wamelala kwenye magunia yao.

Tatizo lilikuwa maji kwenye hewa. Tangi la kompresa halikufunguliwa kutoa maji na draya ya hewa, yaani kikausha unyevu, ilishakufa. Hewa ikibanwa inapata joto, ikipoa ndani ya mabomba ule unyevu wake unageuka matone, na asubuhi za baridi ndiyo zaidi. Matone yanaingia kwenye valvu, valvu inachelewa kufunga. Ikichelewa hata kidogo tu, hewa inazipiga na punje nzuri zinazofuata nyuma. Mafundi wote watatu walisema kweli kuhusu kipande chao. Hakuna aliyefundishwa kuufuata mchele kutoka juu mpaka chini.

Kuna nyingine inayoniogopesha zaidi, maana hii inahusu afya. Iringa na Njombe tuna viwanda vya maziwa. Maziwa yanayochemshwa kwa mtiririko yanatakiwa yafike nyuzi 72 na kukaa hapo sekunde 15. Yasipofika, valvu inayaelekeza yarudi nyuma yachemshwe tena. Anayeamua ni kidhibiti, na kidhibiti kinategemea sensa, mara nyingi PT100. Sensa hiyo kwenye nyuzi 0 ina ukinzani wa omu 100, na kila nyuzi moja ikipanda, ukinzani unaongezeka kwa karibu omu 0.385. Kwa hiyo kwenye nyuzi 72 utapima omu 127 na ushee. Sasa pampu inatetemesha bomba mchana kutwa, skrubu ya waya wa sensa inalegea, pale kwenye kiungo panaongezeka omu 2. Kama sensa imefungwa kwa waya mbili, kidhibiti hakina namna ya kujua. Kinaona omu zimepanda, kinasoma joto limezidi kwa nyuzi 5. Maziwa ya nyuzi 67 yanapita kama ya 72. Kosa limeanzia kwenye mtetemo, likapita kwenye umeme, likaishia kwenye tumbo la mtoto. Nani alimfundisha fundi mitambo kwamba kuifunga pampu vizuri ni sehemu ya usahihi wa kipimajoto?

Ninachopendekeza si kuongeza masomo. Wanafunzi wetu wana masomo ya kutosha. Napendekeza kila chuo cha ufundi kiweke mashine moja katikati ambayo ni ya fani zote. Hata mkanda wa kusafirishia mizigo unatosha: mota ya fezi tatu, invata ya kubadilisha mwendo, sensa mbili tatu, silinda ya hewa ya kusukuma mzigo pembeni, na PLC ndogo, yaani kompyuta ya kiwandani ya kuamuru mashine. Wa uchomeleaji watengeneze fremu. Wa mitambo wapange shafti na beringi zikae sawa. Wa umeme wafunge paneli. Wa elektroniki waweke sensa na programu. Ikishafanya kazi, mwalimu anaingia usiku anaweka hitilafu. Asubuhi kikosi chenye mtu mmojammoja kutoka kila fani kinaitwa, na mtihani ni huo. Na sharti langu kubwa: yule wa umeme ndiye aeleze mitambo imefanya nini, na wa mitambo aeleze paneli imefanya nini. Kila mtu ajibu kwa kipande cha mwenzake.

Wenzetu wameshapita huko. Wajapani walianza kulizungumzia mwaka 1969, pale mhandisi Tetsuro Mori wa Yaskawa alipounganisha mitambo na elektroniki chini ya jina la mekatroniki. Ujerumani ilipofika mwaka 1998 wakaifanya fani rasmi ya uanagenzi, miaka mitatu na nusu, mwanafunzi yuko kiwandani na darasani kwa zamu. Kwenye mashindano ya ufundi ya dunia ya WorldSkills, mekatroniki wanashindana watu wawili wawili kwa timu, hawamwachi mtu peke yake na mashine.

Na wale wanaosema PLC ni ya wahandisi, wasikilize hii. Mwaka 1968 General Motors walikuwa wamechoshwa na makabati ya rilei, zile swichi zinazojifunga na kujifungua kwa sumaku ya umeme. Kila walipobadilisha uzalishaji, maelfu ya waya yalifungwa upya kwa mkono. Wakaomba kifaa cha kuziondoa rilei hizo, ndipo kikosi cha Dick Morley kikatoa Modicon 084. Programu yake iliandikwa kwa mchoro wa ngazi unaofanana na mchoro wa rilei, ili mafundi umeme waliokuwepo kiwandani waweze kuisoma. Yaani kifaa chenyewe kilitengenezwa kwa kumfikiria fundi. Kijana wetu aliyefunga sta-delta ya kuwashia mota kubwa taratibu, kwa kontakta tatu na taima, ameshafika nusu ya njia, anachohitaji ni mtu wa kumwonyesha.

Mbeya tuna MUST pale Iyunga, iliyoanza mwaka 1986 kama chuo cha ufundi na kuwa chuo kikuu mwaka 2012. Tuna VETA Mbeya, Iringa na kwingineko, tuna SIDO ya viwanda vidogo. Karakana zipo. Naomba tufungue milango ya katikati.

Karibuni. Wenye hoja tofauti ndio nawasubiri zaidi.

Mwana wa Kajunjumele

Mkuu, umegusa penyewe. Huku Kyela mashine ya jirani yangu ilikaa bila kazi karibu msimu mzima kwa hiyo hiyo habari ya valvu. Wakawa wanasema mchele wa Kyela una mafuta ndiyo maana inachanganyikiwa. Kumbe mafuta yalikuwepo kweli, ila yalikuwa ya kompresa, yanapita na hewa mpaka kwenye valvu. Hakuna filta hata moja iliyokuwa nzima.

Fezi Tatu

Mleta mada, nakuheshimu, lakini hapa nitapingana na wewe.

Nimefanya umeme wa viwandani miaka mingi, Mgololo, Songwe na kwingine. Fundi anayejua kila kitu kidogo kidogo ndiye anayeua watu. Umeme una leseni yake, EWURA, mamlaka ya nishati na maji, hawampi mtu leseni kwa sababu anajua kufunga beringi. Umetaja invata. Je, huyo mwanafunzi wako wa mitambo anajua kwamba ukizima umeme, kapasita za ndani ya invata ya volti 400 zinabaki na zaidi ya volti 500 za DC, na unatakiwa usubiri dakika kadhaa, kisha upime, ndipo uguse? Nimeona kijana amezima swichi na kuingiza bisibisi hapo hapo. Mungu alimsaidia.

Mtu aimalize fani yake kwanza. Miaka mitatu haitoshi hata kwa umeme peke yake. Tukichanganya tutapata mafundi wa juu juu, wenye viwanda watazidi kuleta wataalamu kutoka nje.

Fundi wa Usangu (mleta mada)

Kaka Fezi Tatu, asante kwa hoja nzito. Nakubaliana na wewe kwamba kina kinatangulia. Mwaka wa kwanza mtu akae kwenye fani yake, ashike koleo mpaka mkono uzoee. Mashine ya pamoja ije baadaye, na leseni ibaki kwa mwenye fani. Sisemi wa mitambo afungue paneli.

Ila huo mfano wako wa kapasita unanipa nguvu mimi. Huyo kijana aliingiza bisibisi kwa sababu alifundishwa kwamba invata ni ya watu wa umeme, haimhusu, kwa hiyo hakuna aliyemwambia kuhusu dakika za kusubiri. Lakini kazini ataikuta tu, iko pembeni ya mota anayoifungua.

Tugeuze upande wa pili. Fundi umeme anazima swichi kuu, anafunga kufuli, anaweka kibao chake, amefuata taratibu zote. Anaingiza mkono kurekebisha sensa kwenye silinda. Umeme haupo, lakini hewa ya baa 6 bado imo ndani ya silinda. Akigusa valvu kidogo silinda inasogea, kidole kinabaki humo. Silinda ya kipenyo cha milimita 50 kwa baa 6 inasukuma kwa nguvu ya zaidi ya nyutoni 1,100, ni kama kubebeshwa gunia kubwa zima la mahindi kwenye ncha ya kidole. Alikuwa fundi umeme mzuri, mwenye leseni. Kufunga hewa inayoingia na kuitoa iliyomo kabla ya kugusa hakumo kwenye mtaala wake.

Kwa hiyo usalama ndiyo sababu yangu ya kwanza, kabla hata ya mambo ya ajira. Hatari haisomi cheti cha mtu.

Fezi Tatu

Hapo kwenye hewa nimekuelewa. Sisi tulijifunza kwa kuumia.

Bado nasisitiza mwaka wa kwanza usiguswe. Mkikubaliana hivyo mimi niko nanyi, na huo mtihani wa hitilafu nitakuja kuusimamia bure.

Mwl. wa Karakana

Kamwene wote. Mimi ni mwalimu wa chuo cha ufundi upande wa Iringa, sitataja kipi.

Mada nzuri, lakini niwape picha ya ndani. Mfumo wetu wa umahiri unataka mwanafunzi apimwe kwa anachoweza kufanya, na mtihani wa hitilafu anaousema mleta mada unaingia humo bila shida. Kwenye karatasi hakuna kinachozuia. Kinachozuia ni ratiba na saini. Walimu wawili wakiingia kipindi kimoja, nani anahesabiwa amefundisha? Nani anasaini kitabu cha mwanafunzi cha kazi? Vifaa vya umeme viko chini ya mkuu wa idara ya umeme, vikienda karakana ya mitambo na kikapotea kisensa kimoja, maelezo ataandika yeye. Ndiyo maana milango ya katikati imefungwa, mkuu. Imefungwa kwa sababu ya leja ya stoo.

Jambo la pili, sisi walimu wenyewe tulifundishwa kwa fani. Mwenzangu wa mitambo ni bingwa wa lathe, shafti anakutolea kwa vipimo vya hali ya juu, lakini ukimpa mchoro wa ngazi anakaa kimya. Mimi wa umeme mpaka juzi juzi nilikuwa sijawahi kupanga shafti mbili kwa dayo geji, kile kipimo cha mshale cha kuonyesha kama zimenyooka. Mwalimu hawezi kuvuka daraja ambalo hajajengewa.

Kwetu tulianza kidogo kidogo, bila kibali cha kununua chochote. Mota ya waipa ya gari kutoka kwa wauza vyuma chakavu, inazungusha kimkanda cha mpira. Pawasapulai ya volti 24 ilitoka kwenye mashine iliyokufa, na waipa tulichagua ya lori ili volti zilingane. Sensa ya kugundua chuma tuliinunua kwa kuchangishana. Hewa tunaomba kwenye kompresa ya idara ya magari. PLC hatukuwa nayo, tukaanza na rilei nne na taima. Na niwaambie, kuanza na rilei kumetusaidia, kwa sababu mwanafunzi anaisikia inapiga *tak*, anaona mantiki kwa macho. Tulipopata PLC ndogo ya mkono wa pili, walihama siku moja tu.

Hitilafu ninayoipenda kuwawekea ni rahisi. Naisogeza sensa nyuma milimita chache. Taa yake inawaka vizuri ukiikaribishia bisibisi, waya ni nzima, programu ni nzima, lakini kipande cha chuma kinapita bila kuonekana. Wa umeme wanabadilisha waya, wa elektroniki wanafungua programu. Anayekuja kulitatua mara nyingi ni mtoto wa uchomeleaji, kwa sababu ndiye aliyechomelea kile kibati cha kushikia sensa na anakumbuka kilikuwa umbali gani. Siku hiyo wenzake wanamtazama kwa jicho lingine. Wachomeleaji kwenye vyuo vyetu wanadharauliwa sana, na sijui kwa nini tumeacha iwe hivyo.

Garage ya Uyole

Niongezee upande wa magari, maana mnasahau kwamba lori la leo ni kiwanda kinachotembea.

Hapa barabara ya Tunduma malori yanalala kila siku. Lilikuja moja limewasha taa zote kwenye dashibodi: injini, gia, ABS, kwa pamoja. Dereva alishauziwa sensa ya gia huko nyuma, akauziwa na kontrol boksi, pesa ya tajiri imekwisha na gari bado. Taa zikiwaka zote kwa mpigo, mara nyingi tatizo si kifaa kimoja, ni njia wanayozungumzia. Vifaa hivyo vinaongea kwa waya mbili zilizosokotwa pamoja, CAN H na CAN L, mfumo ambao Bosch waliutoa mwaka 1986. Kila mwisho wa njia kuna ukinzani wa omu 120. Ukizima gari na kupima kati ya waya hizo mbili unatakiwa upate omu 60, kwa sababu 120 mbili zipo sambamba. Mita yangu ilisoma 120. Upande mmoja umekatika.

Tukafuata waya kwa mkono chini ya chesesi. Tukakuta pale palipochomelewa braketi mpya ya springi, mchomeleaji aliondoa klipu ya kushikia fungu la waya ili apate nafasi, hakuirudisha. Waya zikawa zinasugua kwenye chuma mpaka zikakatika. Tulitumia solda na mpira wa kubana kwa joto. Gari likaondoka jioni.

Mchomeleaji hakuwa na nia mbaya. Hakuna aliyemwambia kwamba lile fungu la waya ndiyo mishipa ya gari. Na hakuna aliyemwambia atoe terminali za betri kabla ya kuchomelea, maana umeme wa kuchomelea unaua kontrol boksi. Hayo mambo mawili yanafundishika asubuhi moja. Sasa hivi kila mwanafunzi wa fildi anayekuja kwangu naanza naye hapo, awe wa fani gani.

Nuru wa Nzovwe

Habari zenu kaka zangu na walimu. Mimi nasoma diploma ya umeme, NTA 6.

Nakubaliana na mada. Ila kuna kitu hakijasemwa. Tukiwekwa kwenye vikosi, wasichana tunapewa kalamu. "Dada andika ripoti, una mwandiko mzuri." Wavulana wanashika spana na mita. Mwisho wa siku nimeandika hitilafu ambayo sijaigusa. Hiyo mashine ya katikati ikija bila utaratibu, tutarudi kule kule.

Na swali langu: kwa mwanafunzi ambaye chuo chake hakina PLC, aanzie wapi kwa pesa ya mfukoni?

Mwl. wa Karakana

Binti yangu Nuru, umesema kweli na imenichoma. Kwetu zamu zitapangwa: anayeandika leo kesho ndiye anashika mita, na hakuna kuandika mara mbili mfululizo. Nitaibandika ukutani Jumatatu.

Fundi wa Usangu (mleta mada)

Dada Nuru, shukrani. Naliongeza kwenye masharti yangu.

Kuhusu kuanza: nunua multimita nzuri kabla ya kitu kingine chochote, usinunue ile ya bei ya chini kabisa, inadanganya. Halafu tafuta sensa moja ya kawaida ya waya tatu. Kahawia ni chanya, bluu ni hasi, nyeusi ndiyo inayotoa ishara. Jifunze tofauti ya PNP (inayotoa chanya) na NPN (inayotoa hasi) kwa kuiwasha na kupima, usiishie kukariri, kwa sababu ukinunua isiyolingana na PLC utakaa siku nzima ukidhani imekufa. Kama una kompyuta au unaazima, kuna OpenPLC, ni ya bure, unaandika mchoro wa ngazi na unaweza kuupeleka kwenye bodi ndogo ya elektroniki ya Arduino. Hapo umeshapata PLC ya kujifunzia.

Kisha soma kuhusu ishara ya miliampia 4 mpaka 20. Utaikuta kila kiwanda, kwenye maji, chai, maziwa, saruji. Jiulize kwa nini inaanzia 4 badala ya 0. Ni kwa sababu tangi likiwa tupu sensa inatoa 4, waya ukikatika inakuwa 0, kwa hiyo mashine inajua kutofautisha tangi tupu na waya uliokatika. Mtu aliyebuni hilo alimfikiria panya anayekula waya. Ukilielewa hilo, umeanza kufikiri kwa njia ninayoisema hapa.

Na usikae umeme tu. Nenda Sido au Mwanjelwa kwa mtu anayetengeneza mashine za kukoboa, kaa naye Jumamosi, mwombe akuonyeshe jinsi ya kusikiliza beringi kwa bisibisi.

Mzazi Makete

Shikamooni wakubwa, wengine habari. Nimesoma yote mpaka hapa. Mwanangu amemaliza kidato cha nne, anapenda kufungua fungua redio. Wengine wananiambia umeme, wengine mitambo. Sasa nyie mnasema vyote. Mzazi wa kawaida afanye nini? Ada ni ya fani moja.

Fundi wa Usangu (mleta mada)

Marahaba mzazi, au shikamoo kama umenizidi. Lipa ada ya fani moja, ile anayoipenda. Kama anafungua redio, elektroniki au umeme vinamfaa. Ila kabla ya kulipa fika chuoni, omba kuona karakana wakati wa vipindi. Angalia kama wanafunzi wanashika vitu au wanamtazama mwalimu akishika. Uliza fildi wanaenda wapi na kwa muda gani. Uliza kama wa umeme huwa wanaingia karakana ya mitambo. Mwalimu akikujibu kwa kukupeleka kukuonyesha, mpeleke mtoto hapo.

Na likizo asikae nyumbani. Makete na Njombe kuna mashine za mbao, kuna vinu, kuna mitambo midogo ya umeme wa maji. Pale Mwenga, Mufindi, kuna mtambo wa megawati 4 unaoendesha umeme vijijini tangu mwaka 2012. Kwenye mtambo wa aina hiyo maji, mitambo, umeme na kompyuta vinakutana kwenye shafti moja. Kumwombea mtoto nafasi ya kufagia tu mahali kama hapo ni elimu.

Kinu cha Bondeni

Nimesoma kimya kimya tangu juzi. Mimi ni mwenye kinu Igurusi. Nina kala sota ya zamani imelala stoo, ya mifereji miwili, ilikufa bodi moja na fundi akaniambia ninunue mpya, nikanunua. Ile ya zamani valvu zake nyingi ni nzima, kamera sijui. Mwl. wa Karakana, kama chuo chenu kinaihitaji niko tayari kuitoa. Sitaki pesa, nataka vijana wanaojua hewa.

Mwl. wa Karakana

Mzee, sijui nikushukuru vipi. Naihitaji leo.

Nitaomba barua yako yenye orodha ya vifaa ili niipeleke kwa mkuu wa chuo, iingie kwenye leja kama mali ya idara zote nne, nitapambana iandikwe hivyo. Usafiri tutautafuta, Igurusi mpaka Iringa malori yanayorudi matupu hayakosi. Hopa na miguu viache, mlango wetu ni mwembamba na fremu wataitengeneza wachomeleaji wetu. Tunachohitaji ni mifereji, reli ya valvu na mabomba yake, kamera, taa, na hiyo bodi iliyokufa usiitupe. Bodi iliyokufa ndiyo tutakayoanza nayo.

Fezi Tatu

Mwalimu, draya ya hewa na filta nitaleta mimi. Nina moja hapa imetolewa kiwandani, inahitaji feni tu. Niandikie kipenyo cha bomba lenu.